Kutoka Mtumwa hadi Siti? Uhakiki wa Jina la Siti binti Saad na Waliolirithi

Ikisiri

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu jina la mwimbaji Siti binti Saad (takriban 1880–1950) ni kwamba alizaliwa akiitwa Mtumwa, kisha akapandishwa daraja na kuitwa Siti, yaani bibi mtukufu. Makala hii inayahakiki maelezo hayo kwa kulichambua jina lenyewe kimofolojia, kietimolojia na kimatumizi. Hoja zake ni tatu. Kwanza, Mtumwa na Siti ni nomino za uhusiano zinazotoka katika mfumo uleule wa bwana na mtumishi. Badiliko lilihusu nafasi ya mtajwa ndani ya mfumo, wala halikuuvunja mfumo. Pili, sehemu ambayo haikubadilika, binti Saad, ina uzito ambao wahakiki wengi wameupuuza. Tatu, heshima iliyo katika jina hilo leo haikutokana na aliyelitoa bali na kazi ya mwimbaji na hadhira yake, kama inavyothibitishwa na waliolirithi.

Istilahi za msingi: onomastiki, majina ya watu, taarabu, Siti binti Saad, Shaaban Robert

1.0 Utangulizi

Katika A System of Logic (1843), John Stuart Mill alishikilia kwamba jina la mtu humwonyesha mwenye jina bila kumpa sifa yoyote. Dai hilo ni gumu kulitetea mbele ya majina ya Waswahili, ambamo siku ya kuzaliwa, mwezi, tukio, dua, hofu na nasaba huingia katika jina na kusomeka humo. Hata hivyo, kosa la upande wa pili nalo lipo, nalo ni kulisoma jina kana kwamba ni muhtasari wa maisha ya mtu. Kosa hili la pili ndilo lililotawala uhakiki unaomhusu Siti binti Saad.

Mambo ya msingi ya maisha yake yanajulikana. Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, takriban mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akauza vyungu, kisha akahamia mjini Unguja mnamo 1911 na kuingia katika uimbaji. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, ambako nyimbo zao za Kiswahili zilirekodiwa katika sahani za santuri. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Miaka minane baadaye, mwaka 1958, ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kitabu ambacho kilimwingiza katika historia ya nathari ya Kiswahili kama alivyokuwa amekwisha kuingia katika historia ya muziki.

Mapokeo yanasimulia kwamba jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na kwamba Siti alilipata ukubwani mjini, kutoka kwa Mwarabu mmoja mwenye mali aliyevutiwa naye. Kutokana na simulizi hiyo imezaliwa kanuni ya uhakiki inayorudiwa katika tasnifu, dibaji na makala za magazeti: kutoka utumwa hadi ubibi. Kanuni hiyo inavutia kwa sababu ina umbo la hadithi kamili, yenye mwanzo wa chini, msaada wa mkuu na mwisho wa juu. Swali la makala hii ni kama jina lenyewe linaikubali hadithi hiyo.

2.0 Mtumwa: nomino inayomngoja mmiliki

Kimofolojia, mtumwa ni nomino ya ngeli ya kwanza iliyoundwa kutokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: m-tum-w-a. Muundo huo ndio wa mpendwa, mfiwa na mteuliwa. Mofimu zake zinasema tu kwamba huyu ni aliyetumwa. Neno mtume limeundwa kwa mzizi uleule na kiambishi tamati -e, kama mteule alivyo pacha wa mteuliwa. Kwa hiyo mtume na mtumwa ni ndugu wa tumbo moja katika sarufi. Kilichowatenga ni swali la nani aliyetuma na kwa kazi gani. Mmoja ametumwa na Mwenyezi Mungu kwa watu; mwingine ametumwa na mtu kwa mtu mwenziwe.

Uhusiano huo wa mtumaji na mtumwa umo pia katika majina yenye asili ya Kiarabu. Abdallah, Abdulrahman na Abdulkarim ni majina yanayoanza na abdi, neno lenye maana ya mtumwa au mja, na hakuna anayeyaona kuwa ya kudhalilisha. Sababu ni kwamba mmiliki ametajwa ndani ya jina: ni mja wa Allah, wa Mwingi wa Rehema, wa Mkarimu. Utumwa unaomtaja Mungu kuwa bwana humwinua mwenye jina juu ya mabwana wengine wote. Jina Mtumwa, kwa upande wake, limeacha nafasi ya mmiliki wazi. Ni nomino inayodai kijalizo, mtumwa wa nani, na kijalizo hicho hakipo. Katika Mtumwa binti Saad, nafasi ambayo msikilizaji anatarajia kulisikia jina la bwana imekaliwa na jina la baba. Jambo hili litarejelewa.

Je, jina hilo lilikuwa kumbukumbu ya hali ya kisheria? Hoja ya kihistoria ina nguvu yake. Mtoto huyo alizaliwa miaka michache baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, na kabla ya amri ya 1897 iliyoondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa. Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), amemweka Siti katikati ya historia ya watu waliotoka katika utumwa na kudai nafasi yao kama raia wa mji. Hata hivyo, msamiati wa wakati huo ulitofautisha daraja kwa makini. Aliyezaliwa pwani na wazazi walio katika utumwa aliitwa mzalia, na tofauti kati ya mzalia na mtumwa aliyeletwa karibuni ilikuwa kubwa katika lugha na katika maisha. Kama jina la mtoto wa Fumba lingekuwa rekodi ya daraja, neno mtumwa lingekuwa rekodi isiyo sahihi.

Tena, majina waliyopewa watumwa na mabwana zao kwa kawaida hayakuwa ya aina hii. Yalikuwa majina ya vito na manukato, kama Feruzi, Almasi, Marijani, Ambari na Zafarani, au ya baraka na nafuu, kama Mabruki, Faraji na Faida. Bwana alimpamba mtumwa kwa jina kama alivyoipamba nyumba. Hakuwa na haja ya kumwita Mtumwa mtu ambaye utumwa wake ulikuwa dhahiri. Subeti bin Ambari, mmoja wa waimbaji wenzake Siti, analibeba katika ubini wake jina la kundi hili.

Upo usomaji wa pili. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, Waswahili wakiwemo, mtoto anayezaliwa baada ya nduguze kufariki, au anayehofiwa husuda, huweza kupewa jina la kumdunisha ili mauti na jicho baya vimwone hana thamani na kumpita. Mtoto anayeitwa kwa jina la kitu kilichotupwa huwa ndiye aliyetakwa kuliko wote. Jina Mtumwa linaweza kuingia katika kundi hilo la majina ya kinga, na ushahidi wa kuunga mkono uwezekano huu ni kwamba jina lenyewe bado linasikika Unguja na Pemba kwa watu waliozaliwa miaka mingi baada ya 1897, katika familia zisizotiliwa shaka uungwana wao. Usomaji huu haufuti ule wa kihistoria, maana hata jina la kinga huchota dharau yake kutoka katika dharau iliyopo kwenye jamii. Lakini unatosha kuonyesha kwamba wazazi waliomwita mtoto wao Mtumwa hawakuwa lazima wanakubali thamani ambayo jamii iliwapa. Huenda walikuwa wanaitumia dharau ya wengine kama ngao ya mtoto wao.

3.0 Siti: jina lenye msemaji ndani yake

Neno siti limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu sitti, na kwa maelezo yaliyozoeleka ya wanaleksikografia wa Kiarabu, sitti ni mkato wa sayyidati, yaani bibi yangu mtukufu. Kiswahili kimepunguza konsonanti iliyokazwa na kubakiza silabi mbili nyepesi. Muhimu kwa uhakiki huu ni irabu ya mwisho. Katika Kiarabu, -i hiyo ni kimilikishi cha nafsi ya kwanza umoja. Jina Siti, katika asili yake, lina kiwakilishi ndani yake: ni bibi yangu, si bibi tu.

Kwa maneno mengine, siti ni neno la kuitia. Ni sauti ya mtumishi anapomwita bibi wa nyumba. Kama mtumwa ni nomino inayomngoja bwana asiyetajwa, siti ni nomino inayomdokeza mtumishi asiyetajwa. Majina haya mawili hayatoki katika dunia mbili tofauti. Yanatoka katika mazungumzo mamoja, moja likiwa upande wa anayeitika na jingine upande wa anayeitikiwa. Anayesema kwamba jina Siti lilimtoa mwimbaji katika mfumo wa utumwa amesahau kwamba siti ni neno linalohitaji mtumishi ili litamkike. Badiliko la jina lilimhamisha mtajwa kutoka kiti kimoja hadi kingine, na nyumba ikabaki ileile.

Historia ya neno hilo nje ya pwani yetu inathibitisha asili yake ya ukuu. Sitt al-Mulk (970–1023), binti wa nasaba ya Wafatimiya, ndiye aliyeshika hatamu za dola mjini Kairo baada ya nduguye, khalifa al-Hakim, kutoweka mwaka 1021. Sitt al-Sham, dada yake Salah al-Din, alijenga vyuo vya dini mjini Damascus. Mashariki zaidi, katika Malaysia na Indonesia, Siti limekuwa jina la kawaida kabisa la wanawake Waislamu, na msikilizaji wa muziki atalitambua kwa Siti Nurhaliza, mwimbaji mashuhuri wa Malaysia. Huko pia, cheo kimeshuka na kuwa jina. Katika Kiarabu cha Palestina na nchi jirani zake, sitti huweza kuwa mama wa baba au wa mama. Mkondo huo ndio uliofuatwa na neno bibi katika Kiswahili, ambalo limebeba maana ya mwanamke wa heshima, ya mke na ya mama wa mzazi. Lugha mbalimbali zimeonyesha kwamba neno la ukuu likizoeleka nyumbani hugeuka kuwa neno la mapenzi.

Kwa nini basi hakuitwa Bibi, au Mwana, neno ambalo mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yanalijua vyema kupitia Mwana Kupona binti Msham? Jibu linapatikana katika taarabu yenyewe. Kabla ya Siti na wenzake, taarabu ya Unguja ilihusishwa na jumba la kifalme na lugha ya Kiarabu, tangu enzi za Seyyid Barghash (1870–1888). Cheo cha Kiarabu kilikuwa cheo cha ukumbi ule. Hapa kuna kinaya ambacho uhakiki haupaswi kukipita haraka: mwanamke anayesifiwa kwa kuipa taarabu sauti ya Kiswahili alitambulishwa kwa neno la Kiarabu, na neno hilo alipewa na mtu wa tabaka ambalo Kiarabu kilikuwa alama ya hadhi yake. Kumwita Siti kulikuwa kumtambua; kulikuwa pia kumtambua kwa kipimo cha mtambuaji.

4.0 Binti Saad: sehemu isiyobadilishwa

Mjadala kuhusu jina hili umejikita katika neno la kwanza na kuyaacha mawili yanayofuata. Hilo ni pengo kubwa, kwa kuwa mawili hayo ndiyo aliyozaliwa nayo na kufa nayo.

Saad ni Kiarabu saʿd, bahati njema. Katika elimu ya falaki ni kinyume cha nahs, ambalo Kiswahili kinalijua kama nuhusi. Mzizi wake umezaa katika Kiswahili maneno ya kila siku kama saidia na msaada, pamoja na suudi lenye maana ya bahati njema, na majina Saidi, Masudi na Suudi. Kifonolojia, konsonanti ya koo iliyo katikati imeondoka na kuacha irabu mbili, na matamshi ya kienyeji huongeza irabu mwishoni ili kufungua silabi: Saadi. Tahajia ya Saad inayotumika katika majina ya vitabu imeelekea zaidi Uarabuni. Matamshi ya wenyeji yameelekea zaidi Uswahilini.

Wenye jina hili wanajulikana katika historia ya Uislamu na ya siasa. Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, aliongoza jeshi la Waislamu huko Qadisiyya dhidi ya Waajemi. Saad bin Muadh alikuwa kiongozi wa kabila la Aws mjini Madina. Katika karne ya 20, Saad Zaghloul aliongoza harakati za kudai uhuru wa Misri zilizolipuka mwaka 1919, akawa waziri mkuu mwaka 1924. Jina la mkulima wa Fumba lilikuwa jina la masahaba na viongozi.

Lakini ulinganisho ulio karibu zaidi uko Unguja kwenyewe. Seyyid, cheo cha watawala wa Zanzibar, kimetokana na mzizi uleule ambao sitti inahusishwa nao. Said, jina la mtawala aliyeifanya Zanzibar makao ya dola yake na kufariki mwaka 1856, limetokana na mzizi uleule wa Saad. Na nasaba nzima ya Al Busaid imelibeba jina hilo katika ubini wake. Mtoto alipozaliwa Fumba takriban 1880, aliyekaa katika kiti cha enzi alikuwa Seyyid Barghash bin Said. Miongo kadhaa baadaye mtoto huyo alijulikana kama Siti binti Saad. Cheo kwa cheo, ubini kwa ubini, jina la mwimbaji limejengwa kwa mizizi ileile iliyomo katika cheo na ubini wa mtawala. Hakuna haja ya kudai kwamba aliyempa jina la Siti alikusudia ulinganifu huo. Inatosha kwamba ulinganifu upo, na kwamba nusu yake haikutoka kwa mfadhili yeyote. Mfadhili alitoa Siti. Saad ilikuwepo tayari.

Neno binti nalo linastahili kuangaliwa. Kwa desturi, mtu aliyeachwa huru au aliyesilimu pasipo nasaba ya Kiislamu aliweza kupewa ubini wa Abdallah: bin Abdallah, binti Abdallah. Ubini huo ulisitiri, lakini pia ulifuta. Ulimpa mtu baba wa jumla mahali pa baba wake. Jina la Siti halikufuata njia hiyo. Binti Saad linamtaja baba mahususi, Mnyamwezi wa Fumba. Kwa hiyo, kila lilipotamkwa kumbini, jina hilo lilitangaza mambo mawili kwa pamoja: cheo ambacho mji umempa mwimbaji, na mzazi ambaye mji haukumjua. Kanuni ya kutoka utumwa hadi ubibi inalisikia tangazo la kwanza tu, na kwa kufanya hivyo inawageuza wazazi kuwa doa lililosafishwa. Jina lenyewe linasema kinyume: cheo kimeegemezwa juu ya baba.

Hapa ndipo kosa la kawaida la kitaaluma linapopata uzito. Mitindo ya marejeleo inayodai jina la ukoo imemgeuza mwimbaji kuwa "Saad, S.", kana kwamba Saad ni ukoo na binti ni mapambo. Saad si ukoo, ni baba. Binti si kiungo kisicho na maana. Ni tamko la nasaba. Kulikata jina hilo ni kuondoa neno ambalo kwalo mwimbaji alikataa kuwa mtu asiye na mzazi.

5.0 Jina katika mizani ya watu

Jaribio kubwa la jina hilo halikufanyika katika ukumbi wa mfadhili bali katika mashindano ya nyimbo. Ushairi wa kejeli uliotungwa dhidi ya mwimbaji unajulikana hadi leo: unaanza kwa kumtaja kwa jina lake lote, kisha unauliza ni tangu lini amekuwa mtu, na kukumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki, nguo ya giza ya bei ndogo iliyohusishwa na watumwa na watu wa kazi. Jibu lake, linalojulikana vilevile, lilihamisha mzozo kutoka sura na mavazi hadi akili.

Wahakiki wameshughulika na swali la utu na la kaniki. Jambo ambalo halijatiliwa maanani ni kwamba wapinzani walipotaka kumvua hadhi walimwita Siti. Walikuwa na Mtumwa mkononi, silaha iliyo tayari, nao hawakuitumia. Kwa hiyo ubeti wa kejeli ni ushahidi wa aina mbili zinazopingana: unakana kwamba mtajwa ni mtu, na unakiri kwamba jina lake ni bibi mtukufu. Maana ya cheo ilikuwa imekwisha kufifia kiasi kwamba hata adui alilitamka bila kuhisi kwamba anamtukuza. Hapo ndipo siti ilipoacha kuwa cheo na kuwa jina halisi la mtu mmoja.

Umbo la jina lilisaidia. Siti binti Saadi, likitamkwa kwa irabu za Saadi zilizounganishwa, lina mizani sita: si-ti-bin-ti-saa-di. Hilo ni umbo kamili la kipande cha mshororo wa mizani kumi na mbili. Silabi nne za mwanzo zimebeba irabu moja, i, na jozi ya mwisho inaifungua sauti kabla ya kurudi kwenye i. Mtumwa binti Saadi, kwa hesabu hiyohiyo, lina mizani saba na linaharibu kipande. Haidaiwi hapa kwamba arudhi ndiyo iliyochagua jina. Kinachodaiwa ni kwamba jina lililochaguliwa liliweza kuimbwa na rafiki na adui bila kulazimishwa, na jina linaloimbika husafiri mbali kuliko linaloandikwa. Baada ya 1928 lilisafiri pia katika sahani za santuri, likiwafikia watu wasiowahi kumwona wala kusikia habari za Fumba.

Isitoshe, taarabu ya Siti ilikuwa yenyewe sanaa ya kutaja majina. Wimbo wa Kijiti, unaomhusu mtu aliyeua mwanamke mgeni kisha akatoroka, ulimhukumu mhalifu kwa kumtaja hadharani mahali ambapo mahakama ilikuwa imeshindwa kumshika. Jina la mhalifu lenyewe lina kiambishi cha kudunisha, ki-, na wimbo uliligeuza kuwa hukumu isiyofutika. Mwimbaji aliyejua nguvu hiyo ya kumtaja mtu hawezi kufikiriwa kuwa alilibeba jina lake bila kulisikiliza.

6.0 Mwandishi wa wasifu na warithi wa jina

Shaaban Robert alilikuta jina hilo likiwa limekwisha kukomaa, na akaliweka juu ya jalada. Ni vyema kukumbuka jinsi mwandishi huyu alivyozoea kuwapa majina wahusika wake. Katika Kusadikika (1951) Karama anasimama mbele ya Majivuno. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu za Adili ni Hasidi na Mwivu. Katika dunia ya hadithi zake, jina ni hukumu iliyotangulia: mtu ni kama aitwavyo, na msimulizi ndiye anayethibitisha. Mwandishi wa aina hiyo alipomwandikia mtu halisi ambaye jina lake lilikuwa limebadilika kutoka utwana hadi utukufu, historia ilimletea kile ambacho kwa kawaida alikibuni mwenyewe. Kwa hiyo, msomaji wa Wasifu aliyezoea istiara hizo huelekea kulisoma jina Siti kama tuzo ya maadili, yaani mwisho unaostahiliwa na wema na bidii.

Usomaji huo una udhaifu. Katika istiara, jina hutoka kwa msimulizi mwadilifu; katika historia, jina la Siti lilitoka kwa mtu mwenye maslahi na tabaka lake. Kulichukulia kama tuzo ni kumpa mfadhili nafasi ya msimulizi mwadilifu. Sifa ya Wasifu iko kwingine. Kwa kumfanya mwanamke mfinyanzi na mwimbaji kuwa mada ya kitabu kizima, Shaaban Robert aliuhamisha mzigo wa heshima kutoka kwenye cheo na kuuweka kwenye matendo. Kitabu kinapinga usomaji ambao jalada lake linauchochea.

Waliolirithi jina wamethibitisha hilo kwa njia tatu tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilianzisha jarida la Sauti ya Siti. Hapo Siti haimaanishi bibi, wala mwimbaji peke yake. Inamaanisha mwanamke anayesema hadharani na kusikilizwa. Katika jina la msanii Siti Muharam, kitukuu wa mwimbaji, ambaye albamu yake Siti of Unguja ilitoka mwaka 2020, neno hilo ni jina la kwanza la kawaida, na jina la pili limekaa bila binti, kama ilivyo desturi ya majina ya leo. Katika jina la kisanii la Siti Amina, mpigaji udi na mwimbaji anayeongoza kundi la Siti & The Band, neno limetangulia jina la mtu na kurejea katika nafasi ya cheo. Lakini msikilizaji wa Unguja anaposikia cheo hicho leo, hakumbuki bibi wa nyumba akiitwa na mjakazi wake, anamkumbuka mwimbaji. Kiwakilishi kilichofichika katika sitti, yangu, kimehama kutoka kinywani mwa mtumishi hadi kinywani mwa hadhira: Siti wetu.

Mfano wa Bi Kidude unakamilisha hoja kwa kuigeuza. Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa na jina la kwanza tukufu kuliko yote katika mapokeo ya Kiislamu, jina la binti wa Mtume, na ubini wenye maana ya neema. Ulimwengu unamjua kwa Kidude, jina lenye kiambishi cha udogo na lenye maana ya kitu kisichopewa hata jina. Alitoka juu kwenda chini, kwa kipimo cha kanuni ile, na hakupungukiwa na heshima yoyote. Sarufi yenyewe ilimtii: husemwa Bi Kidude ameimba, wala si kimeimba, kwa kuwa upatanisho humfuata mtu aliye nyuma ya jina. Ikiwa Kidude aliweza kuwa mkuu, basi Mtumwa naye aliweza, na jina Siti si sababu ya ukuu wa binti Saad.

7.0 Hitimisho

Kutoka Mtumwa hadi Siti ni sentensi fupi, na ufupi wake umeigharimu taaluma. Inamfanya mfadhili kuwa chanzo cha thamani na kuwafanya wazazi kuwa aibu. Pia inawasahau waliolijaribu jina hilo kwa kejeli wakashindwa kulivunja. Uchambuzi wa lugha unaonyesha picha nyingine. Mtumwa ni neno lililoacha nafasi ya bwana wazi, na nafasi hiyo ikakaliwa na baba. Siti ni neno la mtumishi lililogeuzwa na hadhira kuwa jina la mtu mmoja, kisha jina la sauti za wanawake wengi. Saad ni bahati ambayo hakuna aliyempa isipokuwa mzazi wake.

Yapo matokeo ya kiutendaji. Katika maandishi ya kitaaluma jina hili liandikwe kwa ukamilifu, Siti binti Saad, na katika orodha za marejeleo liingizwe chini ya Siti, kama majina ya waungwana na waimbaji wengine wa pwani yanavyostahili kuingizwa kwa jina la kwanza na ubini wake. Wanafunzi wanaoandika kuhusu maisha yake waeleze jina Mtumwa bila kulionea haya na bila kulifanya kuwa hukumu. Na uhakiki wa Wasifu wa Siti binti Saad uanze kwa kusoma maneno yote matatu ya jina lake, si la kwanza tu.